Nishirikiane na nani? Jibu kwa mpishi wa Mombasa mwenye mialiko mitatu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina chaneli ya mapishi ya pwani hapa Mombasa, huu ni mwaka wa tatu, na wafuatiliaji wangu ni kama 14,000. Mwezi huu nimepata mialiko mitatu ya kolabo. Wa kwanza ni mchekeshaji mwenye wafuatiliaji zaidi ya 300,000, anataka nipike na yeye ayavuruge mapishi kwa vichekesho vyake. Wa pili ni dada wa Muscat, familia yake ina asili ya Zanzibar, anapika vyakula vya kule na vya kwetu, lakini ana wafuatiliaji 6,000 tu. Wa tatu ni kijana wa hapa mjini anayezungukia vibanda vya chakula, tunakaribiana kwa idadi. Juu ya hao kuna barua pepe ya kampuni nisiyoijua, inasema inataka ushirikiano na imeambatisha faili. Nyumbani wote wananiambia nisimwachilie mchekeshaji. Wewe unaonaje?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka: faili hilo usilifungue. Mnamo Oktoba 2021, kitengo cha Google kinachofuatilia mashambulizi ya mtandaoni kilieleza hadharani jinsi wahalifu, tangu mwishoni mwa 2019, walivyokuwa wakiwaandikia wenye chaneli za YouTube kwa kisingizio cha ushirikiano. Walijifanya kampuni ya programu ya kuzuia virusi, ya kuhariri picha au ya michezo, wakaomba programu yao ijaribiwe na kuonyeshwa. Mwenye chaneli alipoifungua, programu iliiba kutoka kwenye kivinjari zile kumbukumbu zinazoiambia tovuti kwamba mtu huyu ameshaingia, na kwa hizo mwizi akaingia kwenye akaunti bila kuhitaji nywila wala ule msimbo wa simu. Chaneli nyingi zilibadilishwa jina na picha, zikatumika kuwatapeli watu kwa sarafu za kidijitali, nyingine zikauzwa. Kampuni inayokuhitaji kweli inaweza kukueleza shida yake kwa maneno ndani ya barua yenyewe, na haitakataa mzungumze kwa simu. Ikiwa umeshalifungua kwenye kompyuta, chukua kifaa kingine sasa hivi, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako ya Google, na ubadilishe nywila kabla ya kuendelea kusoma.

Tuje kwa watu watatu. Ushauri wangu ni kwamba uanze na dada wa Muscat, kijana wa vibanda umfuatishe baada ya miezi miwili au mitatu kwa masharti nitakayoyataja, na mchekeshaji umshukuru kwa heshima lakini usiikubali kolabo kwa namna aliyoipendekeza. Najua jibu hili litawashangaza walioko nyumbani kwako, kwa sababu nimemweka mwisho yule mwenye watu wengi na mwanzo yule mwenye watu wachache, kwa hiyo nina wajibu wa kulieleza vizuri.

Katika kolabo watu wawili huazimana wageni wa baraza zao. Mwenzako anawaambia watazamaji wake, "Nendeni mkakae kidogo kwa fulani," na wewe unafanya vivyo hivyo. Siku hiyo watakuja, maana aliyewatuma wanampenda. Kinachopaswa kukushughulisha ni wiki itakayofuata, mwenye baraza atakapokuwa hayupo: je, wageni hao watakuwa na sababu gani yao wenyewe ya kurudi kwako? Mshirika mzuri ni yule ambaye watazamaji wake wana sababu hiyo hata kabla hawajakuona, ila tu hawajajua kwamba upo. Ukilishika swali hili na kulipeleka kwa kila anayekualika, mengi yatajibika bila hata kufungua takwimu.

Mpelekee swali hilo mchekeshaji. Watu wake wanakuja kucheka, na ni haki yao. Watakuona mara moja ukiwa jikoni huku mtu anakumwagia chumvi kwenye tui, watacheka, na baadhi yao watabonyeza kukufuatilia. Wiki inayofuata utapandisha video ya dakika kumi na nne ya mchuzi wa papa. Mtu aliyekuja kwa kicheko ataipita bila kuifungua, na ya baada yake vilevile. Mfumo wa mapendekezo wa YouTube humwangalia mtazamaji mmoja mmoja: alionyeshwa nini, akafungua au akapita, akakaa kwa muda gani, akaridhika au la. Mtu anayekupita kila mara, mfumo utaacha kumwonyesha video zako ingawa jina lake limo kwenye orodha ya wafuatiliaji. Utakuwa na 20,000 badala ya 14,000, na watazamaji wa kila video watabaki wale wale.

Zaidi ya hapo, kwako wewe idadi ya wafuatiliaji haina tena kazi kubwa ambayo watu wanaidhania. Ili chaneli ikubaliwe kugawiwa mapato ya matangazo, YouTube hudai wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi kumi na miwili iliyopita, au wafuatiliaji hao hao pamoja na video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Kwa upande wa wafuatiliaji, mlango huo umeshaupita zamani. Baada ya hapo unapewa asilimia 55 ya mapato halisi ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video zako ndefu, na asilimia 45 ya fungu lako la video fupi, na katika hesabu hiyo hakuna mahali wanapouliza una wafuatiliaji wangapi. Wanaouliza ni watu wa mtaani, na pia kampuni zisizojua kuchagua. Kampuni inayojua itaomba kuona ni wangapi wanaotazama hadi mwisho.

Kuna jambo jingine katika pendekezo la mchekeshaji ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu zote. Mtu anayepika kwa kufuata video yako ananunua nazi, samaki na hiliki kwa pesa zake, na pengine ana wageni sebuleni wanaosubiri. Amekukabidhi siku yake. Kwa miaka mitatu umejenga imani hiyo kwa kupima, kurudia na kusema ukweli pale mkate wa kumimina ulipokataa kuumuka. Video ambayo chakula chako kinaharibiwa makusudi ili watu wacheke inaigusa imani hiyo mahali pabaya, na sidhani kama kuna idadi ya watazamaji inayoweza kuilipa. Siidharau kazi ya uchekeshaji. Ni kazi ngumu na ina ufundi wake. Laiti angekubali kuja kama mtu asiyejua kukanda unga, umfundishe mahamri mwanzo hadi mwisho, vichekesho vitoke kwenye ugeni wake jikoni lakini mahamri yenyewe yafure na yaive, hapo ningekuwa na neno tofauti. Unaweza kumwandikia hivyo. Akikubali, mtapata kitu kizuri. Akikataa, utakuwa umejua kwamba alihitaji jiko na mtu wa kumchokoza, na angeweza kumpata popote.

Sasa dada wa Muscat. Uswahili wa Oman una historia unayoijua: familia nyingi zenye asili ya Zanzibar ziliondoka baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi walikwenda Oman tangu 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwafungulia milango. Hadi leo Kiswahili kinasemwa majumbani mwao, na chakula kimebaki kumbukumbu kubwa. Mtazamaji wa dada huyu anajua bokoboko, ambalo majirani zake wa Ghuba wanaliita harisi. Anajua halua ya Muscat na amesikia bibi yake akiisifu ya Unguja. Anakumbuka samaki wa kupaka lakini pengine hana wa kumfundisha. Mtu huyo akifika kwenye chaneli yako atakuta video za miaka mitatu zilizomsubiri. Wako nao wana sababu ya kwenda kwake, maana Mombasa hakuna nyumba isiyo na ndugu, jirani au rafiki Ghuba. Kwa kawaida matangazo yanayoonyeshwa kwa watazamaji wa nchi za Ghuba hulipiwa bei ya juu kuliko yanayoonyeshwa kwetu, nalo ni jema, lakini nisingekushauri kumchagua kwa sababu hiyo peke yake.

Hata hivyo usimkubali kwa sifa nilizompa mimi. Kaa jioni moja na chaneli yake kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga. Fungua video zake kumi za mwisho, uiweke kando ile iliyotazamwa mno kuliko zote, kwa sababu video moja inaweza kupaa kwa bahati, kisha uangalie zilizobaki. Ikiwa ana wafuatiliaji 6,000 na video zake za kawaida zinatazamwa mara 2,000 au zaidi, huyo ana watu hai. Linganisha na mwenye 300,000 ambaye video zake za kawaida hazifiki 10,000. Soma maoni, na usihesabu tu. Maoni ya "safi sana" na alama za moto yanaweza kutoka kwa yeyote. Maoni ya "nimejaribu, wangu ulikuwa mgumu, nilikosea wapi?" yanatoka kwa mtu aliyeingia jikoni, na mwenye chaneli akimjibu kwa upole baada ya siku moja au mbili, umeona tabia yake bila yeye kujua kwamba anaangaliwa. Angalia pia tarehe. Mtu anayepandisha video nne kwa wiki moja kisha kupotea miezi mitatu atakupotea wewe pia katikati ya kazi.

Kwenye takwimu za chaneli yako, sehemu ya hadhira, YouTube huonyesha chaneli nyingine ambazo watazamaji wako wanazitazama, pale watazamaji wanapotosha. Ipitie. Ukiikuta ya kijana wa vibanda, kama ninavyotarajia, utakuwa umejua kwamba wageni wenu wengi ni wale wale, hivyo kolabo yenu haitaleta sura nyingi mpya. Ukimkosa dada wa Muscat humo, hiyo si kasoro. Maana yake ni kwamba kuna watu wanaopenda unachokipika ambao bado hawajakufikia.

Kijana huyo nisimpunje. Kulingana kwenu kwa hadhira kuna faida yake: mnaweza kupeana kamera, mikono, na ushauri wa kweli kuhusu picha ya jalada kabla hujaiweka, na katika kazi hii ya upweke mtu wa mji mmoja anayekuelewa ni hazina. Kolabo naye inaweza kuwa ya kula biriani ya kibanda fulani mjini, kisha wewe ukairudia nyumbani na kueleza kilichofanya ile iwe vile. Sharti langu ni moja. Muulize waziwazi kama wenye vibanda humlipa, au humpa chakula bure kwa makubaliano ya kusifiwa. Kulipwa si dhambi. YouTube ina kisanduku cha kutaja kwamba video ina tangazo la kulipiwa, na inataka kitiwe alama. Lakini ikiwa analipwa na hasemi, siku utakayokaa mezani pake na kuusifu mchuzi, ulimi wako utakuwa umeuzwa bila wewe kupokea hata shilingi, na watakaokuja kugundua hawatachambua nani alijua na nani hakujua.

Baada ya kuchagua kwa macho, mjaribu mtu kwa jambo dogo kabla ya kubwa. Mimi humwomba mshirika mtarajiwa kitu chepesi chenye tarehe: kipande cha dakika mbili akieleza chakula cha Idi nyumbani kwao, kinifikie kabla ya Jumamosi. Kisha ninaangalia. Je, kimefika? Kama kimechelewa, alinijulisha kabla ya Jumamosi au baada? Sauti inasikika, au ameacha feni ikivuma nyuma? Nilipomwomba arekebishe kitu, alinuna au alirekebisha? Jaribio hili dogo limeniokoa na matatizo mengi kuliko mkataba wowote niliowahi kuusaini, kwa sababu jinsi mtu anavyokishughulikia kipande cha dakika mbili ndivyo atakavyoishughulikia siku nzima ya kurekodi. Mfanyie dada wa Muscat jaribio hilo, na umruhusu naye akufanyie wewe.

Tukifika kwenye makubaliano, niruhusu nikueleze lililonipata. Mwaka 2018 nilikuwa nikihariri chaneli ya mama mmoja aliyekuwa akifundisha ushonaji, nikampeleka kwenye kolabo na kijana mmoja mwenye kamera nzuri na maneno matamu. Hatukuandika chochote. Yeye ndiye aliyerekodi, kwa hiyo picha zote mbichi, yaani ambazo hazijahaririwa, zilibaki kwake. Baada ya miezi kama mitano mama yule alipigiwa simu na mwanawe: sura yake ilikuwa ikionekana kwenye tangazo la kamari, kipande alichokuwa akicheka na kupiga makofi kilikatwa na kuwekewa maneno ya ushindi. Yeye ni mtu wa msikitini, anafundisha watoto wa mtaa mzima. Tuliomba, tukasihi, tangazo likaondolewa baada ya wiki kadhaa, lakini yeye alifunga chaneli na hakurudi tena. Aliyempeleka pale ni mimi, na aliyepaswa kuuliza "picha zitakaa kwa nani na zitatumika wapi?" ni mimi. Tangu siku hiyo sijawasha kamera kabla ya swali hilo kujibiwa kwa maandishi.

Maandishi hayo hayahitaji kuwa marefu. Ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa kwa utulivu na kujibiwa "nimesoma, nimekubali" unatosha kwa kolabo ya ukubwa huu, mradi useme mambo yenye kugombanisha watu. Nani anapandisha video gani, kwenye chaneli gani, siku gani. Picha mbichi zinakaa kwa nani, na kwamba hakuna atakayezitumia kwenye tangazo la mtu wa tatu bila ruhusa ya mwenzake. Nani ana haki ya kuitazama video kabla haijatoka na kusema "hapa pakatwe." Nini kitafanyika mmoja akitaka iondolewe. Kwa upande wa Muscat, ongeza swali la nyumba: ni nani katika familia asiyetaka kuonekana, na sauti je? Kuna akina mama wanaokubali mikono yao ionekane ikikanda unga lakini si uso, na hilo liheshimiwe bila mabishano. Kwa hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitambua picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi, na taarifa za mtoto hutaka idhini ya mzazi au mlezi, kwa hiyo mtoto wa jirani aliyekuja kuonja sambusa asiingie kwenye video kabla mama yake hajaulizwa.

Kuhusu pesa, chagua njia isiyozaa madeni. Kila mmoja atengeneze video yake, aipandishe kwenye chaneli yake, na abaki na mapato ya matangazo ya chaneli yake. Usiahidi kumpelekea mtu asilimia fulani ya mapato ya kila mwezi. Video huendelea kutazamwa kwa miaka, na utakuwa umejifunga kupiga hesabu ya senti kwa mtu ambaye huenda mmeshaachana. Hata kile kipengele cha kolabo ambacho YouTube ilikitangaza Septemba 2025, kinachowezesha majina ya washirika kuonekana pamoja kwenye video moja, huyaacha mapato kwa chaneli iliyopandisha, kwa hiyo mapatano bado ni yenu. Pakitokea mdhamini, tuseme kampuni ya unga wa ngano hapa Kenya, hapo ndipo mgawanyo uandikwe, na mseme kama mnagawana kabla ya kodi au baada yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla pesa hazijakufikia, kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali: asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya na asilimia 20 kwa asiye mkaazi. Dada wa Muscat akilipwa moja kwa moja kama asiye mkaazi, fungu lake litakatwa tofauti na lako, na nusu kwa nusu mliyoahidiana haitafika mikononi ikiwa nusu kwa nusu.

Muziki nao utaje mapema. Video ikiwa kwenye chaneli yako, mzigo wa hakimiliki ni wako hata kama wimbo aliuweka mwenzako. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu unaweza kuyaelekeza mapato ya video kwa mwenye wimbo, na maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima. Nyimbo za harusi na taarabu zinavutia sana nyuma ya video za chakula cha pwani. Ziache, au utafute ruhusa. Sauti ya mafuta yanayochemka ina utamu wake. Na nywila yako usimpe mtu yeyote, hata mshirika unayempenda. Akihitaji kusaidia kuhariri au kuangalia takwimu, YouTube inakuwezesha kumpa nafasi yenye mipaka kwa akaunti yake mwenyewe, na kumwondoa kazi ikiisha.

Kilichobaki ni namna ya kuitengeneza. Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu wawili kukaa mbele ya kamera moja, kuulizana habari za maisha kwa dakika arobaini, kisha kuipandisha video ile ile kwenye chaneli mbili. Mtazamaji aliyeiona kwako hana haja ya kwenda kwa mwenzako. Kolabo inasimama pale panapokuwa na shughuli moja ambayo kila mshirika anaifanya kwa ustadi wake. Mnamo Oktoba 2019 MrBeast na Mark Rober, Wamarekani wawili wenye chaneli kubwa za YouTube, walipozindua kampeni ya kuchangisha dola milioni 20 za kupanda miti milioni 20, dola moja kwa kila mti, chaneli nyingi za aina mbalimbali ziliweza kuungana kwa sababu kila moja iliizungumzia miti kwa njia yake, na lengo lilitimia kabla ya mwaka kwisha. Shughuli yenu nyinyi iwe chakula kimoja chenye majiko mawili. Bokoboko litafaa mno. Kwenye chaneli yako yeye aonyeshe harisi kama inavyopikwa mtaani kwake, nawe uulize maswali ya mtu anayejua. Kwenye chaneli yake wewe upike la Mombasa, ueleze nyama inavyopondwa na ngano mpaka vishikane. Yaani mgeni ndiye anayepika. Kila video iwe na kitu ambacho nyingine haina, na kila moja iitaje nyingine kwa sababu ya kweli: "kama unataka kuona linavyotiwa samli kule, litazame kwake."

Kabla ya siku yenyewe, andaa nyumba, maana mgeni asikute sufuria tupu. Uwe na video mbili au tatu mpya za jamii hiyo hiyo ambazo zitafuatana wiki kwa wiki baada ya kolabo, kama vile mkate wa sinia, kaimati na biriani ya nyama. Mwishoni mwa video ya kolabo usiseme tu "nifuatilieni". Waelekeze kwenye video moja maalumu, uiweke pale kwenye skrini ya mwisho. Wakati nao una maana. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi jioni inawafaa watu wake na haiwasumbui wako. Mkiweza, mzipandishe wiki tatu kabla ya Ramadhani, wakati akina mama wanaanza kupanga futari lakini bado wana nafasi ya kujaribu chakula kipya.

Kisha usiyapime matokeo siku ya pili. Siku ya pili kila mtu ana furaha. Baada ya wiki nne fungua takwimu, uangalie idadi ya watazamaji wanaorudi, na uangalie kama zile video mbili tatu zilizofuata zilipata watazamaji kutoka Oman. Ukiwaona, rudianeni. Kolabo ya pili na ya tatu na mtu yule yule huleta faida kubwa kuliko kolabo tatu na watu watatu, kwa sababu hadhira hizi mbili zinakuwa zimeshazoeana. Usipowaona, mshukuriane na mbaki marafiki. Hamtakuwa mmepoteza zaidi ya kilo mbili za ngano.

Leo jioni mwandikie. Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Assalaam alaikum dada. Nimeutazama mwaliko wako na nimekaa na video zako kumi, nimeipenda zaidi ile uliyomjibu mama aliyeunguza halua. Niko tayari. Naomba tuanze na kitu kidogo: unirekodie dakika mbili ukieleza harisi inavyoliwa kwenu siku ya Idi, nami nitakutumia za bokoboko letu, zote zifike kabla ya Jumamosi. Kisha tupange siku, na tuandikiane mapema picha zitakaa kwa nani, zitatumika wapi, na nani nyumbani kwako asingependa kuonekana."